Kufunga gesi kwenye gari: piga hesabu kwanza, fundi baadaye

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wanaosimamia bei za nishati, wakitoa bei mpya za mafuta magrupu yanajaa kelele, na kelele zenyewe zina haki maana petroli yote tunayochoma inakuja na meli, dola ikipanda tunaumia, huko Ghuba wakianza kurushiana makombora tunaumia. Huku gesi ya Songosongo inaingia Dar kwa bomba tangu 2004, bomba la Mtwara likaja 2015. Ndo maana wengi wanauliza, gari langu la petroli nilifunge mfumo wa gesi asilia au nisifunge?

Anza na kalkuleta. Kilo moja ya gesi asilia ni sawa na petroli kama lita moja na nusu, we weka 1.4 usije ukajidanganya. Kilo imezoeleka kama 1,550, petroli tufanye 2,900. Dereva wa mtandaoni anayekula lita 10 kwa siku analipa 29,000, akiwa na gesi anahitaji kilo 7 na kidogo, kama 11,000, kwa hiyo 18,000 inabaki mfukoni kila siku. Tuseme kufunga kwenye gari ndogo ni milioni 2, basi siku kama 110 za kazi hela imerudi. Ila wewe wa Mbezi hadi Posta na kurudi, lita 3 hivi, unaokoa kama 5,400 tu, hapo ni mwaka na ushee, bado hujahesabu muda wa kukaa kwenye foleni ya kujaza. Na kama safari zako nyingi ni za mikoani, kaa na petroli yako kwanza, vituo vingi viko Dar.

Hesabu ikikubali, kagua injini kabla ya kutoa hata mia. Gari inayochemsha usiifunge gesi mpaka itibiwe, sababu gesi ikitoka kwenye presha kubwa kwenda ndogo inapoa sana, na reguleta, kile kifaa cha kupunguza presha, inapashwa moto na maji ya rejeta (kulanti), sasa kama kulanti inavuja reguleta itaganda na gari itakuwa inakatakata njiani. Plagi weka mpya na koili ziwe nzima, gesi inataka cheche kali kuliko petroli. Gari za dizeli ni habari nyingine, hapa naongelea petroli.

Halafu mtungi. Wa lita 60 unabeba kama kilo 10 za gesi, usichanganye lita za mtungi na lita za petroli watu wanagombana bure na mafundi. Huo ni chuma kizito, unakula buti karibu lote na springi za nyuma zinalalamika, so kama kila Desemba unapeleka familia na mizigo Moshi fikiria mara mbili.

Karakana iwe inayotambulika, chuo cha ufundi cha DIT pale mjini Dar wamefunga magari mengi, na zipo za binafsi pia. Ukifika omba uonyeshwe cheti cha mtungi, namba iliyogongwa kwenye chuma na tarehe ya kupimwa tena. Gari ya nozeli (EFI) inatakiwa mfumo wenye nozeli zake za gesi na kompyuta yake, usikubali ule wa kizamani wa kabureta kisa bei nafuu. Na tafadhali sana, akitokea mtu anataka kukufungia mtungi wa gesi ya kupikia, ondoka hapo! Gesi asilia inajazwa kwa presha ya baa 200, ule wa jikoni haujatengenezwa kubeba hata robo ya hiyo.

Ukishafungiwa, gari inawaka na petroli, injini ikipata joto inahamia gesi yenyewe. Kwa hiyo tangi lisikauke, bakiza robo, maana pampu ya petroli inapozwa na petroli hiyohiyo, wengi wanaua pampu hapa kisha wanasema gesi mbaya. Mlimani utasikia nguvu imepungua kidogo, ni kawaida, gusa swichi urudi petroli uweze kupanda.

Kujaza: zima gari, vuta hendibreki, abiria wote washuke, simu weka mbali. Nenda usiku au alfajiri, mchana unaweza kupoteza tripu mbili tatu ukisubiri. Angalia mshale wa presha kabla hujalipa, kituo kikielemewa presha inashuka unaondoka na mtungi nusu.

Ukisikia harufu ndani ya gari fungua vioo vyote, funga valvu ya mtungi, usiwashe chochote. Gesi hii ni nyepesi inapanda juu na kutawanyika, tofauti na ya kupikia inayotuama chini, ila hiyo isikupe ujeuri. Kila ukifanya sevisi mwambie fundi apake povu la sabuni kwenye maungio, likitoa mapovu kuna kuvuja. Na kampuni ya bima waambie umebadilisha mfumo, wakupe maandishi.