Kupata geini na konstanti ya muda ya tangi la maji moto

Kiwandani kwetu, cha minofu ya sangara hapa Mwanza, maji ya kuoshea vyombo hupashwa kwa mvuke. Kwanza weka kidhibiti, kile kifaa kinachoendesha vali ya mvuke, kwenye hali ya mkono ili kisiiguse vali chenyewe, kisha subiri joto litulie kabisa. Wengi huharakisha hapa; joto likiwa bado linapanda, hesabu yote imeharibika.

Joto la tangi langu lilitulia kwenye nyuzi 52, vali ikiwa wazi asilimia 30. Nikaifungua hadi 40 kwa mara moja, nikawa naandika joto kila nusu dakika mpaka likatulia kwenye 67. Geini ni badiliko la joto gawanya kwa badiliko la vali: 15 kwa 10, yaani nyuzi 1.5 kwa kila asilimia. Vizio andika, tafadhali. 1.5 tupu haimsaidii fundi wa zamu ya usiku.

Kwa konstanti ya muda, yaani muda ambao joto, likishaanza kusogea, huchukua kufika asilimia 63.2 ya badiliko lote, chukua asilimia 63.2 ya zile nyuzi 15, kama 9.5, ujumlishe na 52: 61.5. Joto lilifika hapo dakika ya 7, ila dakika ya kwanza halikusogea hata kidogo. Huo ni muda wa kuchelewa, utoe. Zinabaki dakika 6.

Na mtu asichote maji jaribio likiendelea.