Jinsi ya Kuzipata Filamu za Kibuddha Bila Kuaibika Mbele ya Wazee

Mimi huonyesha filamu mtaani kwetu. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi natandika mikeka, nafunga shuka jeupe ukutani, nawasha projekta, na majirani wanakuja na watoto wao na karanga zao. Mwezi mmoja niliwatangazia kwamba tutaona *Samsara*: nusu yake imepigwa Laos kwenye nyumba za watawa wa Kibuddha, nusu nyingine Zanzibar kwa wanawake wanaolima mwani, na humo ndani watu wanaongea Kiswahili. Mama mmoja mzaliwa wa Paje akaja na shangazi yake, mzee wa umri mkubwa, kanga mpya, akapewa kiti cha mbele.

Filamu ikaanza. Milima mikavu isiyo na mti hata mmoja. Mtawa kijana. Nikajiuliza tangu lini Laos ikawa jangwa. Baada ya muda mtawa akaacha utawa, akapata mke, na kilichofuata hakikuwa kitu cha kutazama ukiwa umekaa na shangazi. Nilichomoa waya ukutani.

Kosa lilikuwa langu. *Samsara* ni neno la Kibuddha la mzunguko wa kuzaliwa, kufa na kuzaliwa tena, na zipo filamu zisizopungua tatu zenye jina hilo hilo. Ya 2001 ni ya Pan Nalin, imepigwa Ladakh kaskazini mwa India, na ndiyo niliyoipakua. Ya 2011 ni ya Ron Fricke, haina neno hata moja, imezunguka nchi 25. Niliyoitaka ni ya 2023, ya Lois Patiño kutoka Galicia, Hispania. Tangu siku ile nina utaratibu wangu, na ndio huu.

Hatua ya 1: Usiandike "filamu za Kibuddha"

Ukiandika hivyo kwenye Google, kwa Kiswahili au Kiingereza, utaletewa filamu zile zile kumi za Hollywood na muziki wenye urefu wa saa nane wa kukusaidia kulala. Sababu ni rahisi. Mpemba akitengeneza filamu kuhusu harusi ya dada yake, dua itakuwamo, ubani utakuwamo, lakini hakuna atakayeiita filamu ya dini. Vivyo hivyo kwa Mkorea au Mbhutan. Filamu nzuri zaidi za fani hii hazijitangazi.

Tena, ukweli ni kwamba wengi wetu tulimjua mtawa wa Kibuddha kwenye kibanda umiza, akiruka ukuta huku Lufufu akimtafsiri. Sizibezi filamu za Shaolin hata kidogo. Ile *The 36th Chamber of Shaolin* ya 1978 ukiitazama tena leo utaona sehemu kubwa ni kubeba maji, kuanguka, kurudia na kunyamaza. Ngumi zenyewe ni za mwisho. Ila ukibaki hapo utadhani utawa ni mazoezi ya viungo.

Kwa hiyo kabla ya kugusa simu, jiulize unataka kuona nini: maisha ya Buddha mwenyewe, maisha ya watawa wa leo, au hadithi ya watu wa kawaida yenye fikra za Kibuddha ndani yake? Vitu hivyo vitatu hutafutwa kwa njia tatu tofauti.

Hatua ya 2: Chagua neno moja la kutafutia, na uyajue matatizo yake

Maneno ya Kibuddha ni funguo, lakini kila ufunguo unafungua na mlango wa jirani. Andika *nirvana*, yaani kuzimika kwa tamaa na mateso, utapata bendi ya roki ya Marekani. *Karma*, yaani matendo na matunda yake, italeta filamu za kisasi, ambazo ni kinyume kabisa cha unachokitafuta. *Bardo*, neno la Kitibet la kipindi cha kati ya kifo na kuzaliwa upya, litakuletea filamu ya Kimeksiko ya 2022. Dawa ni kuongeza jina la nchi na mwaka.

Neno linalonipa matokeo safi kuliko yote ni *vipassana*, yaani ule utulivu wa kuchunguza pumzi na mwili. Halijachukuliwa na wauza manukato wala wanamuziki. Ukiliandika pamoja na neno "prison" utaifikia *Doing Time, Doing Vipassana* ya 1997, filamu ya makala ya dakika 52 kuhusu gereza la Tihar, New Delhi. Mkuu wa magereza wakati huo, Kiran Bedi, aliruhusu mafunzo ya siku kumi ya kukaa kimya kwa mtindo wa mwalimu wa vipassana S. N. Goenka, na mwaka 1994 wafungwa zaidi ya elfu moja waliketi kwa pamoja. Niliionyesha mtaani nikiwa na wasiwasi kwamba watachoka. Hakuna aliyeondoka. Mzee mmoja aliyewahi kuwa askari magereza aliomba nirudishe nyuma mara mbili.

Hatua ya 3: Ingia kwa mlango wa nchi, kisha umfuate mtu

Hii ndiyo hatua yenye mali, kwa hiyo nitakaa hapa.

Chukua Bhutan. Anza na Khyentse Norbu. Huyu ni lama hasa, kiongozi wa dini mwenye wanafunzi wake, na pia ni mwongozaji wa filamu. Yake ya kwanza, *The Cup* ya 1999, inahusu watawa wadogo wa Kitibet wanaoishi uhamishoni India, wanaokosa usingizi kwa sababu wanataka kuona fainali ya Kombe la Dunia la 1998. Ndiyo, ile Ufaransa iliyomfunga Brazil 3-0. Wanachangishana pesa za kukodi televisheni na dishi. Yeyote aliyewahi kutoroka madrasa au seminari kwa ajili ya mpira hahitaji kutafsiriwa chochote. Na bado, katikati ya utani huo, ndani yake mna swali la tamaa: ukipata ulichokililia, kwa gharama ya nani?

Sasa mfuate mtu. Pawo Choyning Dorji alifanya kazi chini ya Khyentse Norbu kabla ya kuongoza filamu zake mwenyewe. *Lunana: A Yak in the Classroom* ya 2019 ni ya mwalimu kijana anayepelekwa kufundisha kijiji cha juu kabisa milimani wakati yeye anaota Australia. Kamera ziliendeshwa kwa umeme wa jua kwa sababu kijijini hapakuwa na umeme mwingine, na watoto unaowaona ni wa pale pale. Ilifika hadi kwenye orodha ya mwisho ya Oscar mwaka 2022. Walimu wetu waliopangiwa vituo vya mbali wataicheka na kuilia kwa wakati mmoja. Ya pili yake, *The Monk and the Gun* ya 2023, inarudi mwaka 2006, wananchi wanafundishwa kupiga kura kwa uchaguzi wa majaribio, huku mtawa akitumwa na lama wake atafute bunduki. Sitasema ya nini.

Filamu tatu kwa kuwafuata watu wawili, na neno "Ubuddha" hujaliandika hata mara moja.

Korea Kusini fanya vile vile. Anza na *Spring, Summer, Fall, Winter... and Spring* ya Kim Ki-duk, 2003: mzee na mwanafunzi wake kwenye hekalu linaloelea katikati ya bwawa la Jusanji. Kisha rudi nyuma kwa Im Kwon-taek na *Mandala* yake ya 1981, ya watawa wawili wanaotembea barabarani, mmoja mshika sheria na mwingine mlevi. Ukitaka kujipima subira, malizia na *Why Has Bodhi-Dharma Left for the East?* ya Bae Yong-kyun, iliyopata Chui wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Locarno, Uswisi, mwaka 1989. Hiyo ni polepole kama kupika maharage kwa mkaa wenye unyevu. Kwenye filamu hizi hakuna steringi wa kuwaokoa.

Kwa Japani nina moja tu ya kukupa, kwa sababu inatugusa: *The Burmese Harp* ya Kon Ichikawa, 1956. Askari wa Kijapani, mwisho wa vita vya pili, anavaa joho la mtawa ili ajifiche, kisha anashindwa kulivua kwa sababu ya maiti zisizozikwa alizoziona njiani. Burma hiyo, Myanmar ya leo, ndiko walikopigana babu zetu wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944. Nilipoionyesha, jirani mmoja alikwenda kuchukua medali ya babu yake, akakaa nayo mkononi hadi mwisho.

Hatua ya 4: Pata jina la asili na mwaka

Fungua Wikipedia, tafuta jina la filamu katika lugha yake, linakili kama lilivyo hata kama huwezi kulisoma, ulibandike kwenye YouTube. *The Cup* kwa Kitibet ni *Phörpa*. *The Burmese Harp* ni *Biruma no tategoto*, na hapo kuwa macho: Ichikawa aliitengeneza upya mwaka 1985, kwa hiyo bila mwaka utachanganya. Kwa *Samsara*, mnajua yaliyonikuta.

Hatua ya 5: Tafuta pa kutazamia kihalali

Hifadhi ya Filamu ya Korea ina chaneli ya YouTube yenye filamu zao za kale, bure, zikiwa na maandishi ya chini ya Kiingereza. Bodi ya Filamu ya Canada nayo ina tovuti yake. Mojawapo ya kazi ilizoshiriki ni makala ya sehemu mbili ya 1994 kuhusu kile kitabu cha Kitibet cha wafu, msimulizi akiwa Leonard Cohen. Itazame kabla ya *Samsara* ya Patiño, maana inaeleza desturi ya kumsomea maiti kwa siku 49. Sisi wenye arobaini tutaelewa haraka.

Filamu kongwe mara nyingi hupatikana bila malipo. *Prem Sanyas* ya 1925, kazi ya Himansu Rai na Mjerumani Franz Osten, ni maisha ya Buddha kwa filamu isiyo na sauti, hivyo lugha haikusumbui sana.

Kwa zilizobaki, tovuti ya JustWatch itakuambia filamu fulani ipo kwenye huduma gani katika nchi uliyopo. Na ujanja wangu mkubwa: soma ratiba za zamani za matamasha. Buddhist Film Foundation ya California imekuwa ikiandaa tamasha la filamu za Kibuddha tangu 2003. Kufika siwezi, lakini orodha yao ya majina hainidai viza.

Hatua ya 6: Uliza nani anaongea

*Kundun* ya Mmarekani Martin Scorsese, 1997, inasimulia ujana wa Dalai Lama, kiongozi wa kiroho wa Watibet. Waigizaji wengi ni Watibet, lakini ilipigwa Morocco na wanaongea Kiingereza. Si ubaya, ni jambo la kujua tu. Filamu inayotengenezwa na mgeni huwa na haraka ya kueleza, na mara nyingi watawa wake wote ni watakatifu. Ndiyo maana naonyesha pia *The Venerable W.* ya Barbet Schroeder, 2017, kuhusu mtawa wa Myanmar anayechochea chuki dhidi ya Waislamu. Haifurahishi. Ila atakayeona watawa wanaotabasamu peke yao atakuwa ameona nusu.

Kwa upande wetu ipo *Buddha in Africa* ya Nicole Schafer, Mwafrika Kusini, 2019. Inamfuata kijana Mmalawi, Enock, anayelelewa kwenye kituo cha yatima cha Wabuddha Wachina: amepewa jina la Kichina, anafundishwa Kimandarini na kung fu, na nyumbani kwa bibi yake kuna maisha mengine yanayomsubiri. Mwongozaji hakupi jibu la kutafuna. Mjadala wake mtaani kwetu ulifika saa sita usiku, watu wakitaja shule za misheni walizosomea wenyewe.

Ukikwama kuhusu jambo la ibada, usibishane na intaneti. Upanga, Dar es Salaam, kuna hekalu lililoanzishwa na Wasinhala kutoka Sri Lanka tangu enzi za ukoloni. Uganda, karibu na Entebbe, kuna kituo alichokianzisha mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita, mwaka 2005. Nenda kwa adabu, vua viatu, uliza.

Hatua ya 7: Maandalizi ya siku yenyewe

Pakua usiku bando likiwa rahisi. Jaribu maandishi ya chini dakika tano za mwanzo na tano za mwisho, maana faili mbovu huanza vizuri na kuchelewa baadaye. Tazama filamu nzima peke yako kwanza. Hili nimelilipia.

Na kwa *Samsara* ya 2023, giza liwe giza kweli na spika ziwe nzuri. Katikati ya filamu, bibi wa Laos akishafariki, maandishi yanakuomba ufumbe macho, na kwa takriban robo saa roho yake inasafiri kwa sauti na miale ya mwanga unayoiona kupitia kope zako. Kwenye simu haifanyi kazi. Ukifumbua, amezaliwa mwanambuzi Zanzibar.

Niliirudia kwa heshima ya yule shangazi, filamu sahihi safari hii, nimeikagua mara mbili. Watoto walichungulia kupitia vidole. Yeye alifumba macho kwa utiifu kuliko sote, mikono mapajani. Sauti zilipotulia akafumbua, akauona ufukwe, wanawake wameinama majini na mwani. Akatazama kwa muda, akamgeukia mpwawe.

"Kamba hizo kazifunga nani? Zishalegea."