Somo: Kuandaa sampuli ya mlango wa kizazi kwa kihifadhi cha kimiminika

Majibu ya sampuli hii ya kuchunguza saratani ya mlango wa kizazi yakirudi yameandikwa "haitoshi kusomwa", lawama huenda kwa mashine. Mara nyingi sampuli iliharibika chumba cha uchunguzi, kabla kichupa hakijafungwa.

1. Andika utambulisho wa mgonjwa kwenye kichupa chenyewe. Kwenye kifuniko usiandike, vifuniko hubadilishana.

2. Lowesha spekulamu (kifaa cha kupanua uke) kwa maji ya uvuguvugu. Jeli ikilazimu, paka kidogo sana nje, mbali na ncha. Jeli yenye kabomeri (kemikali ya kuifanya iwe nzito) huganda ndani ya kihifadhi na kuziba kichujio cha mashine ya maabara.

3. Ute mwingi uondoe taratibu kwa pamba, bila kusugua. Nywele ndefu za brashi ya ufagio ziingie kwenye tundu la mlango wa kizazi, fupi ziguse nje. Zungusha mara 5, upande mmoja tu.

4. Suuza papo hapo. Seli ikikauka hewani, kiini huvimba na kupauka, na msomaji hawezi tena kukiamini. Kwa kichupa cha methanoli cha mililita 20, kandamiza brashi hadi chini mara 10, nywele zikipanuka kila mara, kisha izungushe kwa nguvu, uitoe na kuitupa. Ukiikoroga mara mbili tatu kama kijiko kwenye chai, seli zitabaki kwenye nywele na kuishia pipani. Mfumo wa ethanoli una utaratibu wake: kichwa cha brashi hung'olewa na kuachwa ndani. Usichanganye mifumo hiyo miwili.

5. Maabara, mashine ya kichujio hutawanya ute, hunasa seli kwenye utando na kuzihamishia kwenye slaidi (kioo chembamba cha hadubini), duara la kipenyo cha milimita 20. Slaidi iingie kwenye alkoholi ya 95% ikiwa bado mbichi, halafu rangi ya Papanicolaou, inayofanya seli zionekane kwa hadubini.

Zinatakiwa seli bapa (za tabaka la nje la mlango wa kizazi) zisizopungua 5,000. Hesabu seli kwenye angalau nyuga 10 (uga ni eneo linaloonekana mara moja kwa hadubini) kwenye mstari unaopita katikati. Kwa lenzi ya 40x na okula (lenzi ya jicho) yenye namba ya uwanja 22, inayoonyesha upana wa uga, wastani uwe seli 3.8 au zaidi kwa kila uga.

MASWALI

Swali: Mkuu, slaidi ina damu, katikati tupu, seli zimebaki pembeni tu. Nirudie?
Jibu: Ndiyo, kutoka kichupa kilekile. Damu imeziba kichujio. Osha sampuli kwa mchanganyiko wa sehemu 9 za kimiminika cha kuoshea na 1 ya asidi asetiki kali, zungusha kwenye sentrifuji, mwaga cha juu, weka kihifadhi kipya. Kama kipimo cha HPV (virusi vinavyosababisha saratani hii) kimeombwa, toa sehemu yake kabla ya asidi.

Swali: Kwa hiyo njia hii inagundua vidonda (seli zinazoelekea saratani) vingi kuliko slaidi ya kupaka, ile ya kupaka seli moja kwa moja kwenye kioo?
Jibu: Usiiahidi hivyo. Jaribio la Uholanzi lililochapishwa 2009, lenye wanawake zaidi ya 80,000, halikuona tofauti. Faida yake ni slaidi safi, na kimiminika kinachobaki kwa HPV.

Swali: Nimehesabu, hazifiki 5,000, ila zipo chache zenye viini vibaya. Niandike haitoshi?
Jibu: Hapana! Seli zisizo za kawaida zikionekana, ripoti ulichokiona, hata zikiwa chache. Kukosekana kwa seli za ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi nako hakuifanyi sampuli isitoshe. Kutaje tu kwenye ripoti.