Hesabu Upepo Kabla ya Tangi: Namna ya Kuchagua Kompresa ya Kubebeka

Kompresa ya kubebeka, mashine ya kubana hewa na kuihifadhi kwenye tangi, kwa kawaida hutangazwa kwa namba mbili, yaani lita za tangi na nguvu za farasi za mota, na mnunuzi asiyeelekezwa hulipia namba hizo akiamini kwamba kubwa zaidi ndiyo bora zaidi. Namba inayoamua kama mashine itaiweza kazi yako ni nyingine, nayo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo kwenye kibandiko: ni lita ngapi za upepo ambazo mashine inatoa kwa dakika moja ikiwa tayari ina presha. Tangi huhifadhi tu kile ambacho pampu imekwisha kukizalisha. Kama kifaa chako kinatumia upepo haraka kuliko pampu inavyouzalisha, hata tangi la lita 100 litaishiwa, na utasimama katikati ya mlango uliokuwa ukiupaka vanishi kusubiri geji ya presha ipande.

Kwa hiyo anza na kazi, halafu urudi kwenye mashine. Andika kwenye karatasi kila kifaa unachokusudia kukitumia, presha kinayohitaji na lita kinazokula kwa dakika. Presha hupimwa kwa baa au kwa psi, ambapo baa 1 ni sawa na psi 14.5, na wingi wa upepo huandikwa kwa lita kwa dakika au kwa futi za ujazo, yaani cfm, ambapo cfm 1 ni takriban lita 28. Vifaa vingi vya mafundi hufanya kazi kwa psi 90, ambazo ni kama baa 6, na karibu kompresa zote ndogo hufika baa 8. Presha, basi, si tatizo kwa watu wengi, isipokuwa wale wanaojaza matairi ya malori, ambayo huhitaji psi 100 hadi 120 na hivyo hufika au hata kupita kidogo mwisho wa uwezo wa mashine ya baa 8. Tofauti kubwa iko kwenye wingi.

Kwa matumizi ya nyumbani mahitaji ni madogo. Tairi la gari dogo hutaka psi 30 hadi 35 na la baiskeli au pikipiki halina upepo mwingi ndani yake, kwa hiyo mashine ya lita 24 inatosha na kubaki, pamoja na kupuliza vumbi kwenye redieta, kwenye feni na kwenye chujio la hewa la pikipiki, vumbi ambalo watu wa Tabora tunalifahamu vizuri kuanzia Juni mpaka mvua zinapoanza. Zile kompresa ndogo za volti 12 zinazochomekwa kwenye gari zinafaa kwa tairi moja la dharura njiani kati ya Sikonge na mjini, lakini hupata moto haraka na hazipaswi kutarajiwa kufanya kazi ya fundi.

Seremala ana hesabu yake. Bunduki ya misumari midogo ya kubandikia mikanda ya dari na fremu hula upepo kidogo sana, pengine lita 10 hadi 15 kwa dakika, kwa hiyo fundi anayeunganisha makabati anaweza kuridhika na mashine ndogo kabisa. Fundi huyohuyo akitaka kupuliza vanishi kwenye meza ya mninga, mahitaji hupanda ghafla: bunduki ya rangi ya kawaida hutumia lita 150 au zaidi kwa dakika, na ile inayotumia presha ndogo na upepo mwingi inaweza kufika lita 280. Msasa wa upepo ni mlafi zaidi, kwa maana unazunguka mfululizo bila kupumzika, nami humshauri kila anayeniuliza anunue msasa wa umeme na aiache kompresa ifanye kazi zinazoifaa. Fundi gereji mwenye spana ya upepo ya nusu inchi atahitaji kama lita 110 hadi 140 kwa dakika, lakini kwa kuwa anafungua nati moja na kupumzika, tangi la lita 50 humsaidia kuvuka.

Ukishapata kifaa chenye njaa kuliko vyote kwenye orodha yako, chukua lita zake na uongeze theluthi moja juu yake; hizo ndizo lita ambazo mashine inapaswa kutoa kwa dakika. Nyongeza hiyo ni muhimu, kwa sababu pistoni ya pampu ikifanya kazi bila kupumzika hupata joto kali, valvu huchakaa na maisha ya mashine hufupika. Vilevile kuna jambo la mwinuko ambalo vitabu vya maelekezo vinavyokuja na mashine hizi havimwelezi mtu wa huku. Tabora iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 ikilinganishwa na Dar es Salaam, na Kigoma, ijapokuwa iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, nayo iko karibu mita 775 juu ya bahari. Pistoni inavuta ujazo uleule wa hewa, lakini ndani yake hewa ni pungufu, kwa hiyo tangi lilelile litachukua muda mrefu zaidi kujaa hapa kuliko pwani.

Uangalifu mkubwa zaidi unahitajika unaposoma kibandiko. Viwanda vingi huandika ujazo ambao pistoni inavuta, si upepo unaotoka, na kati ya viwili hivyo kuna upotevu mkubwa. Mashine ya nguvu za farasi 2 iliyoandikwa lita 206 kwa dakika inaweza kukupa takriban lita 120 tu presha ikishapanda. Njia ya kujua ukweli ni rahisi, na muuzaji mwaminifu hatakukatalia: toa maji na upepo wote uliomo ndani ya tangi mpaka geji isome sifuri, funga, washa, na upime kwa saa ya simu muda unaotumika kufika baa 8. Zidisha lita za tangi kwa baa, kisha gawanya kwa dakika. Tangi la lita 50 likijaa kwa dakika 3, una lita 400 kwa dakika 3, yaani kama 133 kwa dakika. Likichukua dakika 5, una 80 tu, na vanishi yako utaipuliza kwa vipande vipande.

Mashine ikishajaa, usiondoke bado. Sikiliza inapojizima: lazima itoe sauti fupi ya upepo ukitoka kwenye swichi ya presha, kwa sababu upepo huo usipotolewa mota italazimika kuanza safari inayofuata ikiwa imebebeshwa mzigo, na hivyo ndivyo mota nyingi huungua. Iache dakika 15 uone kama geji inashuka. Kisha toa upepo taratibu uone kama inajiwasha yenyewe, kwa kawaida karibu na baa 5 au 6.

Kuhusu mashine ya oili, yaani ambayo pampu yake hulainishwa kwa oili, na isiyo na oili, msimamo wangu ni huu: fundi wa kila siku achukue ya oili, mtu wa nyumbani anayeiwasha mara mbili kwa mwezi achukue isiyo na oili. Ya oili hudumu zaidi na haina kelele kali, lakini hutaka oili maalumu ya kompresa, si oili ya injini ya gari ambayo viungo vyake vya kusafishia huacha masizi kwenye valvu, na lazima isafirishwe ikiwa imesimama. Ukiilaza nyuma ya bodaboda oili itaingia kwenye silinda. Mashine mpya iliyosafirishwa kwa treni au lori mara nyingi hufika bila oili kabisa, au ikiwa na kizibo cha safari mahali pa kizibo chenye tundu la kupumulia, kwa hiyo kagua kioo cha oili kabla ya kuiwasha kwa mara ya kwanza.

Umeme nao una masharti yake. Gridi yetu ni volti 230 na hezi 50, na mashine za mitumba kutoka Japani zinazotumia volti 100, au za Marekani za volti 120, zitaungua zikichomekwa moja kwa moja. Mota ya nguvu za farasi 2 hutumia wati 1,500 au zaidi ikiwa inazunguka, kiasi ambacho soketi ya ampea 13 inakimudu, lakini wakati wa kuwaka huvuta mara kadhaa ya hapo. Waya mwembamba wa ekstensheni wenye mita 30 hupunguza volti, mota inanguruma bila kuzunguka na kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza, inakufa. Weka kompresa karibu na soketi na urefushe mpira wa upepo, au tumia waya wa milimita za mraba 2.5. Kwenye ujenzi usio na umeme, iwe vijijini Uvinza au Urambo, jenereta ndogo ya kVA 2.5 (kVA ni kipimo cha uwezo wa jenereta) mara nyingi hushindwa kuiwasha mota hiyo, hivyo fikiria kVA 5 au kompresa ya petroli, ambayo haipaswi kamwe kuwashwa ndani ya chumba kwa sababu moshi wake unaua.

Ukinunua ya mtumba, litazame tangi kuliko mota, maana mota hubadilishwa ilhali tangi lililooza hupasuka. Hewa inapobanwa huacha maji chini ya tangi, na kandokando ya ziwa, kwa mfano Ujiji au Kibirizi ambako hewa ina unyevunyevu, maji hayo ni mengi. Fungua valvu ya chini: yakitoka maji ya rangi ya kutu kwa wingi, mwenye mashine hakuwa akiyamwaga kila jioni kama inavyotakiwa. Tangi lililochomelewa kiraka, au ambalo valvu yake ya usalama imezibwa au kukazwa na mtu, usilichukue kwa bei yoyote ile. Na ile unayoichukua, vuta pete ya valvu ya usalama mbele ya muuzaji mashine ikiwa na presha, uone kwamba upepo unatoka na kwamba valvu inajifunga tena.