Chukua Sampuli ya Maziwa Kabla ya Kubadilisha Pumba

Mahindi yakinyeshewa kabla ya kukauka, kaya nyingi za Nzega, Igunga na Urambo, mkoani Tabora, huyachambua: masafi ni ya chakula, yaliyoota ukungu ni ya mifugo. Karanga zilizosinyaa nazo hutupiwa kuku. Mazoea haya yananitia wasiwasi kuliko jambo lolote katika ulishaji wetu, maana sumukuvu aliyokula ng'ombe inarudi mezani kupitia maziwa.

Sumukuvu hutengenezwa na kuvu waishio udongoni, hasa Aspergillus flavus, ambao hushambulia mahindi, karanga na mbegu za pamba tangu zikiwa shambani, hususan mwaka wa ukame, kisha huendelea ghalani zikihifadhiwa na unyevu. Mwaka 2016 sumu hiyo kwenye mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Macho hayatoshi kuitambua. Pumba zinaweza kuonekana safi na zikawa na sumu.

Ng'ombe mkubwa huificha shida. Atapunguza maziwa kidogo, atakula kwa kusuasua, na mfugaji atadhani ni kiangazi. Ndama na kuku ndio huonyesha mapema: wanadumaa, wanaugua ovyo, hata chanjo haiwakingi vizuri. Bata ni dhaifu zaidi, hivyo usiwape kamwe chakula ulichokitilia shaka kwa ng'ombe.

Kwa ng'ombe anayekamuliwa, maziwa ndiyo kipimo rahisi cha kujua kama amekula sumu. Sehemu ndogo ya sumukuvu aina ya B1 aliyokula, kwa kawaida asilimia 1 hadi 3, hutoka kwenye maziwa ikiwa imegeuka aina nyingine iitwayo M1, na huanza kuonekana ndani ya siku moja. Akiachishwa chakula kile, hutoweka baada ya siku 3 au 4 hivi. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Mfugaji akishtuka, hutupa pumba leo, wiki ijayo ndipo anapeleka maziwa kupimwa, na majibu yanasema hakuna kitu. Maziwa husimulia alichokula ng'ombe siku chache zilizopita, si mwezi uliopita. Kwa hiyo chukua sampuli kwanza, ukiwa bado unalisha gunia lile lile, ndipo ubadilishe.

Changanya maziwa ya asubuhi ya ng'ombe wote wanaokula chakula hicho, jaza chupa safi, andika tarehe na chakula walichokula, kisha iweke kwenye barafu hadi ifike maabara. Pamoja nayo peleka sampuli ya chakula. Sumukuvu haisambai sawasawa guniani; punje chache zinaweza kubeba sumu yote, na konzi moja ya juu haikuambii lolote. Chota kwa bambo (kifaa cha kuchomeka guniani kutoa nafaka) juu, katikati na chini ya kila gunia, changanya vizuri, halafu toa kama kilo moja. Ifungie kwenye mfuko wa karatasi. Nailoni hutoa jasho na ukungu huendelea kukua njiani. Afisa mifugo wa kata akuelekeze pa kupeleka. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo Tabora mjini, na ni vyema kuanzia hapo kuulizia kipimo na gharama. Wafugaji mnaonunua mashudu kwa muuzaji mmoja mnaweza kuchangia sampuli moja.

Kiwango cha juu kinachoruhusiwa cha M1 kwenye maziwa ni mikrogramu 0.5 kwa kilo. Majibu yakizidi hapo, acha chakula hicho mara moja na usiuze wala kunywa maziwa hayo. Kuyachemsha hakuiondoi sumu, na kuyagandisha yawe mtindi si tiba. Pima tena baada ya siku 4 au 5 za chakula kingine. Ndama wasinyonyeshwe maziwa hayo katika kipindi hicho.

Msimu ujao, kausha mahindi juu ya turubai, si ardhini, hadi unyevu usizidi asilimia 13.5. Kama huna kipima unyevu, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, bado kuna unyevu mwingi, yarudishe juani. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, na mashudu yanunuliwe ya kutosha wiki chache tu, hasa masika.