SOMO: Pini za piano zilizolegea, tibu kwa supagluu kabla hujang'oa kitu

Wakuu, ukityuni piano leo kesho noti ileile imeshuka usikimbilie kulaumu waya. Pini, yaani vile vijiti vya chuma vinavyozungushiwa waya, ziko kama 230 na zote zinashikwa na msuguano tu wa ubao mgumu wa tabaka tabaka uliojificha nyuma ya fremu ya chuma, sasa huo ubao ukikauka unasinyaa, tundu linalegea, na waya unavuta usiku na mchana.

1. Pima kwanza. Tia spana ya kutyuni, zungusha kidogo. Ikienda bila ubishi na ukiachia inarudi, ipige alama ya chaki. Ila zikilegea nyingi zilizofuatana mstari mmoja shuku ufa kwenye ubao, hapo gundi haisaidii, ita fundi.

2. Piano ya kusimama ilaze chali ili gundi ishuke tunduni. Nyingi zinapita kilo 200, tafuta watu wanne jamani, msijaribu wawili. Piano ya kulala iache ilivyo, toa mashine ya nyundo na utandike matambara chini ya ubao maana matone yatapita.

3. Supagluu iwe ile nyepesi kama maji, sio nzito. Fungua madirisha, vaa miwani, moshi wake unachoma macho vibaya. Dondosha matone matatu manne pale pini inapoingia, acha inywe, ngoja dakika 20, rudia mpaka ubao ugome kunywa. Hapa ndo wengi wanaharakisha na kuharibu kazi.

4. Iache mpaka kesho yake ndo utyuni.

MASWALI

– Mkuu pini si itaganda moja kwa moja?
Hapana, mzunguko wa kwanza utasikia "tik" inaachia, baada ya hapo inazunguka kwa ugumu unaotakiwa.

– Mimi nilizoea kuigonga iingie ndani zaidi, vipi?
Inasaidia kama kuna nafasi kati ya mizunguko ya waya na fremu, ikishagusa chuma basi. Na piano ya kulala lazima ubao uwekewe jeki kwa chini, usipoweka unaweza kuupasua.

– Na kuweka pini nene?
Ni dawa nzuri tu ila lazima utoe waya, kwa hiyo jaribu gundi kwanza.

– Nilishapuliza WD-40 kwenye pini 6, nifanyeje?
Pole sana ndugu. Mafuta yameua msuguano na gundi haitashika vizuri kwenye mbao yenye mafuta, hizo 6 mwachie fundi, wewe endelea na zilizobaki.