Namna ya kuandika maoni juu ya muswada wa teknolojia mpya

Muswada ukishasomwa bungeni Dodoma mara ya kwanza, hupelekwa kwenye kamati, na kamati huita wadau. Muda wa kujiandaa ni mfupi. Muswada ukija kwa hati ya dharura, yaani upitishwe haraka, muda huo hubanwa zaidi.

Anzeni kusoma mwishoni, kwenye Madhumuni na Sababu, mjue serikali inataka kutibu tatizo gani. Kisha rudini kwenye ibara ya tafsiri ya maneno. Hapo ndipo miswada ya teknolojia huharibikia. Tafsiri ikitaja kifaa, itachakaa mapema. Ikiwa pana mno, humnasa asiyekusudiwa: Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilimdai hata mwenye blogu binafsi ada ya leseni ya shilingi 1,000,000. Pendekezeni maneno yanayotaja kitendo, kwa mfano "mfumo unaomfanyia mtu uamuzi bila binadamu kuupitia". Hayo yatabaki na maana hata akili mnemba ikibadilika sura.

Halafu ulizeni: je, sheria iliyopo haitoshi? Kudhibiti mikopo ya simu, ile kausha damu, hakukusubiri sheria mpya. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ilikuwepo. Benki Kuu ikatoa mwongozo mwaka 2024, na Novemba mwaka huo ikataja programu 69 zilizokopesha bila leseni. Kuchota namba za ndugu wa mkopaji ili kumwaibisha ni suala la Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Pitieni pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kosa moja likiandikwa kwenye sheria mbili zenye adhabu tofauti, raia hajui atahukumiwa kwa ipi.

Haki, wajibu, adhabu na njia ya rufaa vidaieni viwe ndani ya sheria yenyewe. Fomu na viwango vya kiufundi viachieni kanuni, maana Waziri huzibadili bila kurudi bungeni. Ndiyo sababu ibara inayompa mamlaka ya kutunga kanuni "kwa jambo lolote" iwekewe mipaka. Ombeni pia mapitio ya lazima baada ya miaka mitatu, na ripoti yake iwasilishwe bungeni.

Andikeni jedwali la safu tatu: ibara ilivyo, isomeke vipi, kwa nini. Safu ya pili iwe na maneno kamili ya kisheria. Malalamiko matupu hayaingii kwenye muswada. Kurasa tatu zinatosha.

Kamati isipoyachukua maoni yenu, mpelekeeni mbunge jedwali hilohilo kabla ya muswada kusomwa mara ya pili, aliwasilishe kama jedwali lake la marekebisho.